Karata Tisini na Sita za Kulamani Maharana

Wazee wa mtaa, majirani, wachoraji wenzake, wakwe zetu mliotoka ng'ambo ya mto, na nyie watoto mnaochungulia masufuria kule nyuma, tulieni kidogo, leo ni siku ya kumi na mbili tangu kaka yetu atutoke, wali uko jikoni haujaiva, kwa hiyo nyie mna muda na mimi nina karatasi. Mimi ni Tilottama, mdogo wake wa kike, shangazi wa watoto wake, familia ilitaka asome Pitabas, mwanawe mkubwa, kwa kuwa ana sauti ya kiume na suruali ya mji wa Surat iliyopigwa pasi, lakini Pitabas akianza kulia hanyamazi, na mimi nikianza kusema sinyamazi, wakaona bora mimi. Shule niliishia darasa la tatu, pakitokea kosa ni langu, msimbebeshe marehemu.

Kulamani Maharana alizaliwa tarehe 17 Januari 1951, hapa hapa Dihasahi, katika chumba kile chenye dirisha linaloangalia mto Bhargavi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Dinabandhu Maharana, mchoraji wa karata, na mama Malati, na mimi nilimfuata miaka sita baadaye, katikati walizaliwa wengine wawili ambao hawakukaa. Mama alikuwa akisema mtoto yule hakunyonya mpaka amegeuzwa aelekee dirishani, na mimi sijui kama ni kweli, mama alikuwa muongo mtamu sana, lakini ninachojua ni kwamba toka akili zimjie mpaka pumzi inamtoka, marehemu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, kuvuka mto ule akaishi upande wa pili, apande treni, afanye kazi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwona baba yake, basi. Hakutaka utajiri, hakutaka nyumba ya vigae, alitaka kuvuka. Nalisema mapema ili msije mkaniuliza nazunguka nini.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akawa mzuri wa hesabu na mbaya wa kukaa kimya, na siku moja alimchora mwalimu wake kwenye ubao wa mkononi akiwa na masharubu ya mfalme na mwili wa mbuzi, mwalimu akainua fimbo, akautazama ubao, akashusha fimbo, akasema, "Masharubu umeyapatia, wewe mjinga," akaenda nao nyumbani kumwonyesha mke wake. Aliendelea na sekondari mpaka darasa la nane, akatolewa mwaka 1965, si kwa kukosa akili wala kwa kukosa ada, bali kwa sababu macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, na nyumba ya wachoraji ikiwa na macho mabovu lazima itafute mengine, na mengine yalikuwa yake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, alikuwa na miaka kumi na minne. Nyie watoto wa siku hizi mnajua karata za dukani, zile za pembe nne zinazoteleza kama samaki, karata zetu ni za duara, na kila moja imetoka kwenye mikono ya watu wasiopungua wanne. Sisi wanawake tulichukua nguo kuukuu ya pamba, tukapika mbegu za ukwaju mpaka zikawa uji wa kunata, tukagandisha nguo juu ya nguo, tukapaka chaki, tukaianika, tukaisugua kwa jiwe mpaka vidole vikapoteza alama, halafu wanaume wakakata viduara, wakapaka mgongo kwa lakiri nyekundu, wakachora uso kwa brashi ya manyoya ya kindi, na brashi ile kila baada ya mstari unaitia mdomoni ili ncha ichongoke. Marehemu alikula rangi kuliko alivyokula wali. Jozi moja ni karata tisini na sita, makundi manane, kama Maua, Bata, Upanga, Samaki na Mikuki, kila kundi mfalme, waziri, na namba moja mpaka kumi, na kazi ngumu wala si wafalme, wafalme hata mlevi anaweza kuwachora, kazi ngumu ni migongo, maana migongo tisini na sita lazima ifanane kabisa, mgongo mmoja ukiwa na kijistari, mwenye jicho atajua mwenzake ameshika nini, na mchezo umekufa.

Baba alifariki tarehe 11 Machi 1969. Tarehe 2 Februari 1971, wachezaji wa baraza la mtaa, waliokuwa wanne, wakiongozwa na Mzee Bidyadhar huyu hapa, ambaye siku hizo alikuwa kijana wa kuchana nywele mara tano kwa siku, msicheke, alikuwa hivyo, walimwagiza marehemu awachoree jozi ya baraza, na aliifanya kwa miezi kumi na minne, akaikabidhi tarehe 20 Aprili 1972 akiwa na miaka ishirini na moja. Kuna watu walilia. Mfalme wa Maua alikuwa amekaa juu ya gari la farasi, ukimtazama unahisi vumbi puani. Bidyadhar alizipitisha karata zote kiganjani akiwa amefumba macho, akatafuta tofauti ya migongo kwa kidole, hakuipata, akasema, "Kulamani, wewe hutatoka mtaa huu," watu wakapiga makofi, na marehemu akacheka, kwa sababu alidhani ni sifa.

Haikuwa sifa. Desturi yetu mnaijua, karata ikipotea, anayeziba pengo ni mkono ule ule uliochora jozi, mwingine akijaribu mgongo utamsaliti, na mchoraji ambaye jozi yake ina pengo havuki mto mpaka amelijaza, akivuka inahesabika mkono wake umemwacha, hakuna atakayempa kazi tena, wala yeye wala mwanawe. Na karata iliyopotea ikishachorwa upya, ile ya zamani hata ionekane hairudi, maana karata mbili zenye sura moja ndani ya sanduku moja ni wizi, na mchoraji ndiye mwizi. Marehemu aliapa hayo yote huku ameweka sanduku la jozi juu ya paji la uso, miaka ishirini na moja, ana njaa, amefurahi.

Mwaka 1974 alipata kadi ya posta kutoka Kalkuta, fundi mmoja wa mabango ya sinema alikuwa ameona kazi yake sokoni Puri, akamwandikia aje aanze tarehe 1 Agosti, atakuwa anachora nyuso za waigizaji zenye ukubwa wa nyumba. Marehemu aliisoma kadi ile mpaka wino ukafifia. Alinishika mikono akanizungusha uani, akaniambia, "Tila, jicho moja tu la mwigizaji wa kike litakuwa kubwa kuliko mlango wetu!" Tarehe 24 Julai, siku ambayo begi lake lilikuwa tayari limefungwa kamba, Bidyadhar alikuja mlangoni akasema Waziri wa Bata haonekani. Julai, ndugu zangu. Mvua inanyesha kama imetumwa, nguo haikauki, chaki inatoka ukungu, gundi inanuka, tuliianika nguo ile juu ya jiko, chini ya kitanda, mama aliilalia mgongoni, karata moja ilichukua wiki sita, na fundi wa Kalkuta hakungoja wiki mbili.

Nani alimchukua Waziri, tulikuja kujua tarehe 9 Septemba 1983, mama akiwa anakata roho, aliniita akaniinamisha, nikadhani ananipa hereni, akasema, "Alikuwa kwenye pipa la mchele, mwanangu, chini kabisa, kila nikichota nilikuwa namwomba msamaha." Nikamwuliza msamaha ulikuwa unamwomba nani, Kulamani au Waziri? Akasema, "Waziri, Kulamani yuko hapa, ananiona." Ndivyo alivyokuwa mama. Marehemu nilipomwambia alikwenda akalifungua pipa, akalitazama ndani, akalifunika.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Mei 1977 na wifi yangu Haramani, binti wa kutoka ng'ambo ya mto, na msidhani ng'ambo ilitokea hivi hivi, aliletewa wasichana wanne, wa upande huu watatu, akawakataa watatu bila hata kuangalia picha. Alidhani atakuwa anakwenda ukweni. Alikwenda mara mbili, arusini na mazishi ya baba mkwe, maana jozi ile ilikuwa inachezwa kila siku jua likipoa, na karata zinazochezwa kila siku zinapata ajali zake, moja ilitafunwa na mbuzi, moja ilidondokewa na mafuta ya kukaangia, moja mjukuu wa Bidyadhar aliifyonza mpaka mfalme akabaki na miguu. Wifi alikuwa anamwambia, "Mume wangu, mimi nimeolewa na baraza zima." Alivumilia, alisugua nguo kwa jiwe miaka thelathini, aliondoka tarehe 30 Juni 2008, naye tumemkumbuka leo.

Walijaaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni Pitabas, aliyezaliwa tarehe 3 Desemba 1979, ambaye tangu utoto alikuwa hawezi kuchora hata yai, mkono wake ulikuwa kama mwiko, na mtaa mzima ulimsikitikia, basi yeye akaondoka akiwa na miaka kumi na minane kwenda viwanda vya nguo Surat, hakuna aliyempotezea karata, hakuna aliyemwita, na leo ana vyumba viwili na pikipiki. Wa pili ni Ketaki, alizaliwa tarehe 22 Agosti 1995, tulikuwa tumeshakata tamaa, akaja, na siku alipofikisha miaka mitano baba yake alimwona akichora duara mchangani bila kuinua kidole, duara lililokutana, naye badala ya kufurahi akalifuta kwa mguu haraka, akaangalia huku na huku kama mtu aliyefumaniwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, niseme la mwaka 1986, na hili halikuandikwa kwenye karatasi aliyoniandikia Pitabas, nimeliandika mimi. Mwaka huo alikuja bwana mmoja kutoka jumba la makumbusho la Delhi, mpole, anakunywa chai bila kelele, akamtaka marehemu aende Delhi miaka miwili kufundisha vijana kuchora karata, afike tarehe 15 Oktoba. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume mwaka mmoja kabla, nimerudi nyumbani na sanduku la bati, sina mtoto, na kati ya watu wote wa nyumba hii aliyekuwa ananitengea chakula bila kukitazama mara mbili alikuwa kaka yangu peke yake. Wifi alikuwa mwema, lakini alikuwa anahesabu matonge, nisameheni, alikuwa anahesabu. Nikajiona nimebaki naye humu ndani miaka miwili. Tarehe 6 Oktoba nilikwenda barazani kufagia, sanduku lilikuwa wazi, wazee wamekwenda kuoga, nikachukua Mbili ya Upanga, nikaishonea ndani ya mto wangu wa kulalia.

Mnaguna nini? Guneni. Mimi nimeguna miaka thelathini na tatu.

Marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba siku hiyo akiuliza kwa adabu, "Shikamoo, hamjaona Mbili ya Upanga?" kama mtu aliyepoteza ndama, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake nainua mikeka, natafuta kitu ambacho nimekilalia. Alipokamilisha karata mpya ilikuwa tarehe 29 Oktoba, na yule bwana alikuwa ameshachukua mchoraji wa kijiji kingine, ambaye simtaji, lakini ana vigae mpaka chooni. Marehemu hakugomba. Alikaa dirishani akatazama mto, halafu akanigeukia akasema, "Tila, umekula?" Ningetaka anipige.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 2003. Pitabas alituma tiketi za treni za watu wote, hata mimi, tuondoke tarehe 6 Februari, tukaishi Surat, marehemu ana miaka hamsini na miwili, Ketaki ana saba, kila kitu kimefungwa, jozi imehesabiwa mbele ya mashahidi, tisini na sita, Bidyadhar mwenyewe ametia sanduku kufuli. Asubuhi ya tarehe 5 kufuli lipo, Mfalme wa Maua hayupo. Mnakumbuka, mtaa ulichafuka, watu walipekuliana mapipa, wifi alimwambia Bidyadhar mbele ya kadamnasi, "Mwizi ni wewe, baba mzima, unamchunga mume wa watu kwa karata!" naye Bidyadhar akajibu, "Mama, ningekuwa mwizi ningeiba mke anayejua kunyamaza," ikabidi watenganishwe. Mimi niliapa kwa macho yangu kwamba safari hii simo, na kwa kuwa niliapa kwa sauti kubwa mno, kila mtu alinitazama. Ilichukua siku kumi na tisa kumrudisha Mfalme, tiketi zikafa, Pitabas akatuma nyingine mwaka uliofuata, marehemu akasema mgongo unamuuma.

Toka hapo hakuongelea tena kuvuka. Lakini hakuacha dirisha. Alikuwa anachora akiwa amelipa dirisha kisogo, na kila baada ya muda anageuza shingo, kama mtu anayesikia jina lake, anatazama, anarudi kwenye kazi.

Kuhusu kuugua kwake, mikono ilianza kutetemeka mwezi Machi 2017, kwanza kidogo, halafu chai ikawa inafika mdomoni nusu kikombe. Karata mbili zilipotea katika muda huo, zote kwa bahati mbaya ya kweli, panya na kisima, na marehemu alifunga mlango wa chumba mchana kutwa, karata zikatoka safi, Mzee Bidyadhar akazipapasa kwa macho yaliyofumbwa akatangaza, "Mwili umezeeka, mkono bado kijana." Mkono ulikuwa kijana kweli, ulikuwa wa Ketaki. Msichana alikuwa anakaa ndani na baba yake, anachora, baba anamwelekeza kwa kidevu, na wakitoka, yeye ndiye anatoka na rangi mdomoni, anasingizia ameng'ata tambuu.

Tarehe 2 Septemba 2019 alizidiwa, kifua kikabana, akapoteza fahamu, tukamkimbiza kwa gari la wagonjwa mpaka hospitali mjini Cuttack, na hivyo ndivyo kaka yangu alivyovuka mto kwenda kukaa ng'ambo, amelala chali, macho yamefumba, ana bomba puani. Nilimpigia kelele darajani, nikamwambia, "Kaka, amka, tunavuka! Kaka, angalia!" Dereva akasema, "Mama, utaniua kwa sauti." Hakuamka. Alikaa hospitali siku kumi na tisa, alipopata nafuu daktari alimwuliza, "Mzee, maisha yako yote umekuwa unakula nini?" akajibu, "Njano, na nyekundu kidogo." Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, chini panapita treni, na akawa anacheka peke yake, anahesabu mabehewa, alimsihi daktari amwongezee wiki moja, wagonjwa wengine wanalia warudi kwao, yeye analia abaki.

Huko ndiko alikoniambia. Tulikuwa tunakula machungwa, nikaamua nimweleze la mto wangu wa kulalia, nikalia mpaka nesi akaja, marehemu akamenya chungwa lote ndipo akasema, "Najua, Tila, ulikuwa unalala shingo upande mwezi mzima." Halafu akasema, "Mfalme wa Maua nilimchukua mimi." Nikadhani ni homa. Akasema, "Ufunguo wa kufuli niliuchukua alama kwa nta, nikachonga wa pili, kazi ndogo. Nilitaka nijaribu kwanza kabla ya safari, nikaenda mpaka katikati ya daraja alfajiri, nikasimama, hakuna mtu ananishika, hakuna pengo, mama hayupo, nikaona miguu haina habari na mimi. Nilikuwa kama ng'ombe aliyekatwa kamba anazunguka kigingi kile kile. Nikarudi, nikafungua sanduku, nikamchukua Mfalme, nikaenda tena darajani nikamtupa majini, ili nipate wa kumlaumu." Akanipa kipande cha chungwa. Akasema, "Mimi ilishapita. Wasije wakamfanya Ketaki."

Na sasa sikilizeni, wakati yeye yuko Cuttack, panya alitafuna Sita ya Samaki, na marehemu yuko ng'ambo ya mto na jozi ina pengo, kwa desturi yetu mkono umeshamwacha, angekufa na aibu hiyo. Ketaki hakukubali. Alichora Sita ya Samaki siku kumi na moja, akaipeleka barazani mwenyewe mchana kweupe, na Mzee Bidyadhar akaipapasa, akafumbua macho, akamtazama msichana polepole toka kisigino mpaka kichwa, akasema, "Baba yako yuko hospitali, binti. Hii kachora nani, mzimu?" Wakacheka wote. Mimi sikucheka, niliona mzee ameshapata mkono mwingine wa kuufunga hapa, na nyie mnajua mimi nacheka hata nikiumwa jino.

Marehemu alirudishwa nyumbani tarehe 21 Septemba, amelala tena, akapita mto ule bila kuuona mara ya pili. Tarehe 28 Oktoba Ketaki alipata barua, ameteuliwa kuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya wasichana mjini Rourkela, aripoti tarehe 18 Novemba, akamsomea baba yake, baba akaomba asomewe tena sehemu ya tarehe, akaomba tena, mpaka akalala. Tarehe 4 Novemba 2019, saa nne asubuhi, Kulamani Maharana aliaga dunia akiwa chumbani alimozaliwa, umri miaka sitini na minane, mimi nimemshika mguu na Ketaki amemshika mkono.

Desturi inataka sanduku la jozi liletwe likae kichwani pa mchoraji mpaka abebwe, lililetwa, likakaa. Mzee Bidyadhar aliweka maua, alilia kweli, nilimwona, halafu akamwinamia Ketaki akanong'ona, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nakamua nguo ya kumwoshea maiti, nikasikia, "Binti, Tano ya Mikuki haionekani. Leo sisemi kitu. Ukimaliza siku zako kumi na mbili." Mwili wa kaka yangu ulikuwa bado una joto. Ketaki akaitikia kwa kichwa, nikamwona anageuza shingo kutazama dirisha, vile vile, shingo ile ile, na mimi nikasema moyoni, hapana, hapana, hapana.

Mzee Bidyadhar, kaa, sijamaliza. Mpeni maji. Mzee wangu, mimi sisemi umeiba, mimi ni mwizi mwenzako kama umeiba, na kama hujaiba ni bahati mbaya, nayajua mapenzi yenu na mchezo ule, wenzako watatu wamekufa na karata zile ndizo zilizobaki na vidole vyao, najua. Lakini sikiliza. Mlipotoka nje kupanga kuni, tulibaki wanawake, na mimi nilifungua sanduku, nikazitoa karata zote, tisini na tano, nikazifunga ndani ya nguo yake ya begani, nikaziweka kati ya magoti ya kaka yangu, nikafunika sanda, nikamwaga maua juu. Sanduku nililijaza mbegu za ukwaju nikawarudishia, na kwa kuwa baraza halichezi siku kumi na mbili, hakuna aliyefungua. Wabebaji mtanisamehe, mlilalamika njiani kwamba mtu mwembamba vile anakuwaje mzito. Mlikuwa mmewabeba na wafalme.

Zimekwenda naye. Zimeungua zote. Hakuna jozi, kwa hiyo hakuna pengo. Aliye na Tano ya Mikuki aitundike ukutani, ni nzuri, nakumbuka siku ilipochorwa. Mkitaka jozi mpya iko njia, nguo kuukuu zipo, ukwaju upo, jiwe la kusugulia nawapa la kwangu, vijana wenu wajifunze, wachore vibaya, wachore tena. Ketaki anaondoka keshokutwa, tarehe 17, kwa treni ya asubuhi, Pitabas anamsindikiza, na mimi nitavuka naye mpaka stesheni, nimeshafungasha chakula. Mwenye hasira anikasirikie mimi, nipo, siendi popote, jikoni mnanijua.

Mwisho, familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Cuttack, hasa daktari aliyemruhusu kukaa dirishani, kwa dereva wa gari la wagonjwa aliyevumilia sauti yangu, kwa majirani waliotuletea maji na kuni siku zote hizi, kwa wachoraji wenzake walioacha brashi zao zikauke kwa ajili yake, na kwa wazee wa baraza, ndiyo, na nyie pia, mlimpenda, mlimpenda mpaka akakosa hewa.

Ketaki, usiiname, mwanangu, inua uso wakuone.

Na wewe kaka, umetoka. Tulia huko uliko, kalale popote unapopenda, hakuna atakayekuja kugonga.